MTI KARIBU NA NYUMBA: TUUPOGOE AU TUUKATE?



Kila mvua ndefu zinapokaribia, huwa tunaulizwa swali lile lile tukitembelea vikundi: "Huu mti wa nyuma ya nyumba tuukate ama tuuache?" Mara nyingi tukifika tunakuta mti uliohukumiwa ni mzima kabisa. Kosa lake ni kujaza gata majani na kuangusha matunda juu ya mabati. Halafu hatua ishirini kutoka hapo kuna mwingine umeoza shina, umesimama juu ya jikoni, na hakuna anayeushuku kwa sababu hausumbui mtu.

Basi tuelewane hapo kwanza: mti unaokuudhi si lazima uwe ndio mti wa hatari. Ule wa kuudhi kwa kawaida unahitaji kupogolewa tu. Ule wa hatari lazima utafutwe, maana haujitangazi.

Mfano ni mama mmoja mjane tuliyemtembelea. Hatua sita kutoka chumba wanacholala watoto wake palikuwa na mgrevilea mkubwa, ule ambao wengi huuita mukima. Marehemu mumewe aliupanda mwaka walipooana. Shemeji yake alitaka ukatwe upasuliwe mbao. Mama alikataa kata kata, akisema hiyo ni kumbukumbu ya mzee wake. Walikuwa hawasemezani tena. Lakini tulipouliza nani ameuzunguka mti na kuutazama upande wa nyuma, kila mmoja alinyamaza.

KWA NINI MITI HUANGUKA WAKATI WA MVUA

Mti hushikiliwa na mizizi, na mizizi hushikwa na udongo. Udongo ukilowa siku nyingi unalegea. Majani nayo yakibeba maji yanaongeza uzito, kisha upepo unasukuma. Tuliona udongo ulivyolowa wiki baada ya wiki wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, na tena Machi hadi Mei 2024. Mti wenye mizizi mizima mara nyingi huvumilia. Uliooza au kukatwa mizizi unaweza kwenda chini, hata kama majani yake ni ya kijani.

MASWALI MATATU YA KUULIZA

1. Je, mti u hai?
Kwaruza gome la kitawi kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani na majimaji, kitawi ki hai. Pakiwa kahawia na pakavu, kimekufa. Jaribu matawi kadhaa, pande zote. Usihukumu mti wakati wa kiangazi kwa kuona umepukutisha majani. Jakaranda, kwa mfano, humwaga majani kisha ikachanua. Matawi machache yakiwa makavu, hayo ni ya kupogoa. Kama karibu nusu ya kichwa imekauka na mvua zimekuja bila machipukizi, mti unakufa.

2. Je, shina na mizizi vinashika?
Hapa ndipo wengi hatutazami. Zunguka mti wote, ondoa nyasi na takataka chini ya shina, uangalie:
- Uyoga, hasa ule mgumu kama kipande cha ubao, uliojishika kwenye shina au mizizi. Mara nyingi ni dalili kwamba ndani kunaoza.
- Gonga shina kwa mgongo wa panga, pande zote. Mlio wa debe tupu ni ishara ya uvungu. Uvungu peke yake si hukumu ya kifo, kwa sababu mti husimama kwa ile mbao nzima iliyobaki pembeni. Ikiwa imebaki nyembamba, au kuna shimo kubwa upande mmoja, hiyo ni hatari.
- Ufa mrefu kwenye shina, au pale shina linapogawanyika mara mbili kama manati.
- Kuinama. Mti ulioinama tangu mdogo umejizoeza. Ulioanza kuinama mwaka huu, na udongo umepasuka au kuinuka upande wa pili, huo unang'oka. Msingoje.
- Mizizi iliyokatwa. Je, mlichimba msingi, choo au mtaro wa maji karibu na shina? Mizizi ikikatwa leo mti unaweza kusimama hata miaka kabla ya kuanguka, na sisi tumeshasahau.

3. Ukianguka, utaangukia nini?
Pima urefu. Chukua kijiti kilicho sawa na mkono wako kutoka jicho hadi ngumi. Nyosha mkono, shika kijiti wima kwa chini, kisha rudi nyuma hadi kijiti kifunike mti kutoka mguu hadi kileleni. Kutoka hapo ulipo hadi kwenye shina ndio takriban urefu wa mti. Sasa angalia kilicho ndani ya umbali huo: nyumba, choo, tangi, njia ya watoto ya kwenda shule, waya za stima, boma la jirani. Mti uliooza katikati ya shamba unaweza kuachwa ufe polepole, ndege wapate makao. Mti huo huo ukiwa juu ya kitanda cha mtoto, hapana.

KUPOGOA KUNAPOTOSHA

Ikiwa shina na mizizi ni mizima, na shida ni matawi makavu, matawi yanayogusa mabati, au kivuli kingi juu ya mboga, pogoa. Kwa kawaida usiondoe zaidi ya robo ya matawi mabichi kwa mara moja. Usikate kichwa chote cha mti. Machipukizi yanayotoka hapo hushikilia vibaya, na baada ya miaka michache ndiyo yanayoangukia nyumba.

Tawi kubwa hukatwa mara tatu. Kwanza kata kidogo kutoka chini, mbali kiasi na shina. Pili kata kutoka juu, mbele kidogo ya pale, tawi lianguke bila kuchuna gome. Tatu ondoa kile kigutu kilichobaki, nje tu ya ule uvimbe unaozunguka mzizi wa tawi. Usikate uvimbe wenyewe, kwa sababu hapo ndipo mti hufunga kidonda. Zamani tulifundishwa kupaka rangi au lami. Siku hizi haishauriwi. Uache mti ujifunge.

Kila mti na tabia yake. Mgrevilea huvumilia kupogolewa sana na huchipua tena, lakini matawi yake huvunjika kwa upepo. Saiprasi ukiikata hadi kwenye tawi lisilo na majani haichipui pale. Mkaratusi hata ukiukata chini kisiki huchipua, kwa hiyo mjue mtafanya nini na kisiki. Mparachichi ukiufungua sana jua huunguza gome. Paka chokaa na maji kwenye matawi yaliyobaki wazi.

KUKATA KUNAPOLAZIMU

Kata kama mti umekufa au unang'oka, au shina limeoza, na kuna watu au mali chini yake. Hapo kupogoa ni kujidanganya. Kabla ya kukata:
- Pitia kwa chifu na ofisi ya misitu iliyo karibu, muulize taratibu. Kusafirisha magogo au mbao huhitaji kibali.
- Mti ukigusa au kukaribia waya za stima, msiuguse. Waiteni Kenya Power.
- Mwambieni jirani mapema.
- Tafuteni fundi mwenye kamba na uzoefu. Kijana mwenye panga na ujasiri hatoshi.
- Kubalianeni mbele ya mashahidi mbao na kuni ni za nani.

Gharama ya fundi huwashinda wengi, hasa wajane na wazee. Hapo ndipo kikundi kinaposaidia. Vikundi vinaweza kutenga siku moja kabla ya mvua kuzunguka maboma yote ya wanachama kukagua miti, na kutoa mkopo mdogo kwa anayelazimika kukata.

ULE MTI WA MAMA

Tuliuzunguka pamoja na wanakikundi. Nyuma, chini ya majani makavu, kulikuwa na uyoga mgumu. Upande huo huo palichimbwa choo miaka michache nyuma, na mizizi ilikatwa. Tulipogonga, mlio ulikuwa wa debe. Shemeji alisema kweli kwamba ukatwe, ila kwa sababu isiyo ya kweli. Mama naye alikuwa na sababu nzuri ya kuushikilia mti ambao haungemhurumia.

Ulikatwa kabla ya mvua. Katikati ulikuwa tupu, mbao nzima imebaki unene wa kiganja. Kikundi kilikubaliana kwamba zile mbao chache zilizopatikana juu ya shina ni za mama, na shemeji akakubali mbele ya wote. Mama alitengenezewa kitanda cha watoto, akapanda migrevilea miwili mpakani, mbali na nyumba.

Katika Luka 13 mtunza shamba aliuombea mtini mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi. Hiyo ndiyo roho tunayotaka kwa mti mzima unaotuudhi: tuuhudumie kwanza. Lakini mtini ule ulikuwa shambani. Haukuwa juu ya watoto waliolala.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI
1. Ni mti gani bomani kwako unaolalamikiwa sana? Je, umeutazama shina?
2. Ni nani kati yetu analala chini ya mti wa hatari na hana uwezo wa kuukata?
3. Tutakagua miti lini kabla ya mvua, na nani ataongoza?
4. Kwa kila mti tunaokata, tutapanda wapi mingine?