Boti ya Faiba Iliyoachwa Ufukoni: Ifufuliwe au Iachwe?

Si ajabu kuikuta, karibu na diko la chama cha wavuvi, boti ya faiba iliyolala chini ya minazi, imejaa maji ya mvua na majani, ilhali ingali imeandikwa katika daftari la mali ya chama. Wanachama wengine hutaka ipakwe rangi na kushushwa majini; wengine hutaka iuzwe kwa bei yoyote. Madhumuni ya makala hii ni kuwaeleza makatibu na wanachama namna ya kuujua ukweli kabla ya kutumia fedha za chama.

Faiba ni nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa resini. Haiozi wala hailiwi na mchwa. Ndiyo maana watu hudhani kuwa boti ya faiba haifi. Lakini ndani ya boti nyingi za aina hii mna mbao. Ubao wa tezi unaobeba mashine, mataruma na sakafu aghalabu ni plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba. Maji hupenya kwenye matundu ya bolti, na ubao huoza gizani huku ngozi ya nje ikiendelea kung'aa. Rangi mpya huficha tu ubovu huo, na mficha maradhi, kifo humuumbua: tezi iliyooza inaweza kukatika boti ikiwa mbali na nchi kavu, mashine ikazama na maji yakaingia.

Kwa hiyo uchunguzi hutangulia rangi:

1. Gonga boti yote kwa nyundo ndogo. Mahali pazima hulia kwa sauti kali. Palipooza au palipoachana hutoa sauti nzito.

2. Toboa matundu machache madogo katika ubao wa tezi, upande wa ndani. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni dalili njema. Unga mweusi na wenye maji ni dalili ya kuoza.

3. Funua sakafu mahali pamoja. Povu gumu linalowekwa ili boti ielee likiwa limenywa maji, halina budi kuondolewa.

Ikiwa ngozi ya nje ni nzima na kilichooza ni mbao tu, boti yafaa kufufuliwa. Ikiwa ngozi imelegea mahali pengi au mkuku umepasuka, ni heri chama kivue vyuma vinavyofaa na kuiacha. Isichomwe moto, kwa maana moshi wake una sumu.

Chama kikiamua kuifufua, kazi kubwa ni kukausha. Rangi ikwanguliwe, mbao zilizooza zitolewe zote, na boti ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu. Kisha itandiwe turubai juu, upepo upite chini yake, kwa majuma kadhaa. Katika mwambao wetu wakati mzuri ni Januari na Februari, wakati wa kaskazi, kabla ya masika. Ili kupima, bandika kipande cha nailoni mahali palipokwanguliwa, ziba kingo zake, ukiache usiku kucha. Matone yakionekana chini yake, boti bado ina maji.

Fundi aliyezoea majahazi akumbuke kwamba faiba haikalafatiwi. Ubao hufura majini na kuibana pamba; faiba haifuri. Tena, resini haishiki penye sifa, deheni wala lami. Mahali pa kuziba pasagwe mpaka paonekane faiba safi, kisha pafutwe kwa asetoni. Kingo zisagwe kwa mteremko wenye upana mara 12 ya unene wa ngozi: unene wa milimita 5 huhitaji mteremko wa milimita 60 kila upande.

Katibu naye aweza kukagua hesabu ya fundi. Mkeka wa faiba wenye uzito wa gramu 450 kwa mita moja ya mraba hutoa unene wa milimita 1 hivi kwa kila tabaka. Basi kufunika mita moja ya mraba kwa unene wa milimita 5 kwahitaji tabaka 5, yaani mkeka wa kilo 2.25. Kila kilo ya mkeka hunywa kilo 2 hadi 2.5 za resini. Kwa hiyo resini ni kati ya kilo 4.5 na 5.6. Kila kilo ya resini huchanganywa na hadina ya gramu 10 hadi 20. Ikipungua, resini haikauki vizuri. Ikizidi, huchemka na kupasuka. Tabaka zisizidi mbili au tatu kwa mara moja, na kazi isifanywe mvuani wala juani.

Hadina yaweza kupofusha macho. Kila mfanyakazi avae miwani, glavu na kizuia vumbi. Ikimwingia mtu jichoni, aoshwe kwa maji mengi kwa dakika 15 na kupelekwa hospitali. Sigara na moto viwe mbali. Ikiwa resini inahitaji pia dawa ya kobalti, dawa hiyo isichanganywe kamwe na hadina peke yake, kwani mchanganyiko huo hulipuka.

Mwishowe, matundu yote ya bolti yazibwe barabara, maana ndiyo yaliyoanzisha ubovu. Boti ijaribiwe kwenye maji mafupi ikiwa na mzigo, waliomo wakiwa wamevaa maboya. Katibu aandike matokeo ya uchunguzi, vifaa vilivyonunuliwa na tarehe ya kila kazi, na taarifa hiyo isomwe mkutanoni kabla ya boti kurudi baharini. Wanaokwenda nayo ni wanachama wenzetu. Wana haki ya kujua kilichomo chini ya rangi.