Murumbi: Mwana wa Eldama Ravine aliyekataa kusahau kwao

MWACHA mila ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini je, msomaji, mtu ambaye baba yake ametoka huku na mama yake ametoka kule, ashike mila ipi ili asiwe mtumwa?

Swali hili si geni kwa jamaa nyingi za Nakuru. Katika mji huu uliopewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, si ajabu kukuta nyumba ambamo baba ni Mkikuyu, mama ni Mkalenjin, nao watoto wanajua Kiswahili na Kiingereza tu. Mambo yakiwa shwari hakuna anayejali. Lakini katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, swali la "wewe ni wa wapi?" liligeuka kuwa la kufa na kupona.

Yupo mzee mmoja wa Bonde la Ufa ambaye maisha yake yote yalikuwa jibu la swali hilo. Huyo ni marehemu Joseph Murumbi.

Wengi humkumbuka kama Makamu wa pili wa Rais wa Kenya, basi. Lakini Murumbi alikuwa na hadithi nyingine, nayo ilianzia Eldama Ravine, kaskazini-magharibi mwa Nakuru, alikozaliwa Juni 18, 1911. Siku hizo Ravine ilikuwa kituo cha serikali ya kikoloni, mahali ambapo misafara ya kwenda Uganda ilikuwa ikipumzika kabla ya reli. Wafanyabiashara kutoka Bara Hindi walikuwa wameanza kufungua maduka katika sehemu hizi. Mmoja wao alikuwa Peter Zuzarte, Mgoa, ambaye alipata mtoto na mama wa Kimaasai kutoka ukoo wa laibon, yaani kuhani na mtabiri wa kabila hilo.

Mwaka huo huo wa 1911, Wamaasai walitiwa katika mkataba wa pili na Waingereza, wakahamishwa kutoka Laikipia kwenda kusini. Mkataba wa kwanza, wa 1904, ulikuwa umekwisha kuwaondoa katika malisho yao ya Naivasha na Nakuru. Kwa hivyo mtoto huyu alizaliwa wakati watu wa mama yake wakipoteza ardhi ya babu zao.

Akiwa bado mdogo, Joseph alipelekwa India kusoma katika shule za Kikatoliki. Alirudi Kenya katika miaka ya 1930 akiwa kijana aliyekulia mbali kabisa na mama yake.

Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Katika Kenya ya kikoloni, mshahara, shule, hata mahali pa kuishi vilifuata rangi ya mtu. Mzungu alikuwa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Kijana mwenye jina la Zuzarte angeweza kujihesabu miongoni mwa Wahindi na kuishi maisha ya nafuu. Yeye alichagua kujiita Mwafrika, akachukua jina la Murumbi kutoka ukoo wa mama yake. Lakini la baba hakulitupa. Majina yake kamili yalibaki Joseph Anthony Zuzarte Murumbi.

Uchaguzi huo ulimgharimu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na viongozi wa chama cha KAU wakatiwa mbaroni, ni yeye aliyeshika kazi ya kaimu katibu mkuu. Mwaka uliofuata alikwenda ng'ambo kuitetea Kenya, akakaa London miaka kadhaa. Alirudi nchini mwaka 1962. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais baada ya Jaramogi Oginga Odinga. Kabla ya mwaka huo kwisha, alikuwa amejiuzulu.

Alipoacha siasa alipata nafasi ya kufanya alichokipenda. Pamoja na mkewe, Sheila, walijaza nyumba yao ya Muthaiga, Nairobi, vitabu, vigoda, ngoma, vinyago, shanga, vitambaa na stempu kutoka pembe zote za Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, duka na jumba la sanaa lililoipa kazi ya mikono ya Mwafrika heshima yake. Huko Transmara alikuwa na shamba, Intona, katikati ya Wamaasai, watu wa mama yake.

Wanunuzi wa kigeni waliimezea mate mali hiyo. Murumbi aliiuzia serikali ya Kenya ili ibaki nyumbani, pamoja na nyumba yenyewe, akiahidiwa kwamba ingekuwa taasisi ya utafiti wa mambo ya Kiafrika. Taasisi hiyo haikuwahi kuwa. Nyumba ilibomolewa. Mzee alifariki Juni 22, 1990, siku nne baada ya kutimiza miaka 79, akazikwa City Park, Nairobi, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965.

Hata hivyo, jasho lake halikupotea lote. Katika jumba la Kenya National Archives, barabara ya Moi Avenue, kuna ukumbi unaoitwa kwa jina lake. Miongoni mwa vitabu vyake ni maelfu vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Mwanafunzi unayesoma haya, usimalize masomo yako bila kufika huko.

Nawe mzazi, usidhani kwamba urithi ni kazi ya serikali peke yake. Umeona yaliyoipata nyumba ya Muthaiga. Kigoda cha nyanya huenda kimetupwa stoo, na mwenye kujua jina lake na aliyekichonga anazeeka. Muulize angali hai, uandike, na umwite mtoto asikilize. Kama nyumba yako ina makabila mawili, uliza pande zote mbili. Murumbi hakumkana mama ili awe na baba, wala hakumkana baba ili awe na mama.