Mirathi haiishii kwenye Fomu Namba 4

Matanga yakishaanuliwa na ndugu wa mikoani wakapanda mabasi kurudi makwao, wanaobaki huketi kikao. Mmoja anakuwa katibu, anaandika kwenye karatasi za daftari: waliohudhuria na uhusiano wao na marehemu, mali zinazojulikana, madeni, na jina la aliyependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Kila mmoja anatia saini. Bibi asiyejua kusoma anabonyeza dole gumba kwenye wino, kisha pembeni ya jina lake. Kwa familia nyingi za Tanzania, muhtasari huo ndio mzigo wa kwanza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ukiambatana na cheti cha kifo kutoka RITA.

Cheti hakina mjadala. Muhtasari una mjadala, na watu wengi hawajui. Mahakama Kuu imeshasema katika hukumu zaidi ya moja kwamba kikao cha ukoo si sharti la kisheria la kufungua shauri la mirathi. Makarani huuomba muhtasari kwa sababu unasaidia: hakimu anaona mapema warithi ni akina nani na kama wanaelewana. Lakini mjane ambaye shemeji zake wamegoma kuketi naye asidhani amefungiwa mlango. Anaweza kufungua shauri mwenyewe, akaeleza kwamba kikao kimeshindikana, na wanaopinga wakaja kusema pingamizi lao mbele ya hakimu. Huko mahakamani, kunyamaza kwa baba mdogo hakuna nguvu kama sebuleni.

Kabla ya fomu yoyote, kuna swali la mahakama ipi. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za kimila au za Kiislamu, na marehemu awe alikuwa na makazi yake ya kudumu katika eneo la mahakama hiyo. Kwa hiyo aliyeishi Temeke miaka yote akafia safarini Tabora, mirathi yake hufunguliwa Temeke. Ugumu huja kwa Wakristo. Mahakama huangalia marehemu aliishije: je, maisha yake na nia yake vilifuata mila za kabila lake, au alikwishaziacha? Ikionekana aliziacha, shauri linapaswa kwenda mahakama ya juu zaidi, chini ya sheria nyingine kabisa. Swali hili linastahili kuulizwa siku ya kwanza kwenye dawati la karani, maana wapo waliokwisha kugawana mali, kisha wakaambiwa na mahakama ya rufaa kwamba walianzia mlango usio wao, na kila kitu kikafutwa.

Mwombaji hujaza Fomu Namba 1. Mahakama hutoa tangazo, likabandikwa kwenye ubao wake ili mwenye pingamizi ajitokeze: mtoto wa nje ya ndoa ambaye hakuitwa kikaoni, mke wa pili, mtu anayedai fedha. Muda wa tangazo ukipita, siku ya kusikilizwa ikifika, hakimu akiridhika hutoa hati ya usimamizi, Fomu Namba 4. Lugha ni Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na jambo hilo peke yake linaifanya Mahakama ya Mwanzo kuwa mahakama ambamo mkulima au mama lishe anaweza kuisimamia kesi yake bila wakili.

Hapo ndipo familia nyingi hupumua na kurudi nyumbani zikiamini kazi imekwisha. Kwa kweli ndiyo imeanza.

Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu linampa msimamizi kazi ya kukusanya mali na fedha alizokuwa anadai marehemu, kulipa madeni na gharama, kisha kugawa kinachobaki kwa wanaostahili. Kanuni za mirathi za Mahakama za Mwanzo, Tangazo la Serikali Namba 49 la mwaka 1971, zinaongeza saa inayotembea: ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama imeongeza muda, msimamizi awasilishe Fomu Namba 5, yaani orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni. Baadaye, kwa vipindi atakavyopangiwa na mahakama, huja Fomu Namba 6, yaani hesabu: kilichoingia, kilicholipwa, kilichouzwa, nani amepata nini.

Fomu mbili hizi zikijazwa vizuri, zinazima ugomvi mwingi kuliko vikao kumi vya ukoo. Tatizo ni kwamba hazijazwi. Msimamizi anaikunja hati yake na kuiweka kabatini, anaendelea kupokea kodi za vyumba vya uani, na mwaka wa kwanza unakuwa wa tano. Watoto wakiuliza, jibu ni kwamba "mirathi bado". Wakati mwingine si wizi. Kaka mkubwa anaamini kwa moyo wote kwamba mahakama ilimkabidhi mji, kama mila ilivyomfundisha. Ila mbele ya sheria mji si wake. Yeye ni mshika mikoba wa warithi, na kama naye ni mrithi, fungu lake linapimwa, kama mafungu ya wengine wanaostahili, kulingana na sheria inayotumika.

Ardhi ndiyo inayoongeza utata huu. Kiwanja chenye hati hakiruki kutoka kwa marehemu kwenda kwa mtoto. Kwanza msimamizi husajiliwa kwenye hati kama mwakilishi wa marehemu, halafu ndipo anapohamisha umiliki kwenda kwa warithi. Kati ya hatua hizo mbili, hati inasomeka jina lake. Familia zinapaswa kuisoma hati hiyo kwa makini, kwa sababu maneno yanayoonyesha kwamba amesajiliwa kama mwakilishi tu ndiyo yanayomtofautisha mlinzi na mmiliki. Hatua ya pili ikisahaulika, kizazi kinachofuata kitakuta nyumba ya babu imeandikwa jina la ami, na ami naye ameshafariki.

Nani anapata nini? Chini ya sheria ya Kiislamu hesabu iko wazi: baada ya gharama za mazishi na madeni, mjane hupata thumni, yaani moja ya nane, marehemu akiwa ameacha watoto, na robo kama hakuacha, mtoto wa kike hupata nusu ya fungu la wa kiume, na wasia hauvuki theluthi moja ya mali. Chini ya mila kama zilivyoandikwa katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, mambo ni mazito zaidi kwa wanawake. Kanuni zile zinampa fungu kubwa mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa, watoto wengine wa kiume wanafuata, wa kike wanakuja mwisho. Mjane hana fungu ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake, inasema kanuni, ni kutunzwa na watoto wake.

Kanuni hizo zimepigwa vita na wanawake wenyewe. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Muleba, Kagera, aliuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mtoto wa kaka yake akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo, na alishinda. Kesi ilipofika Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya alisema mila hiyo inakiuka haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba, na uuzaji ukabaki halali. Wajane wawili waliofuata njia hiyo hiyo miaka ya 2000 hawakufika mbali ndani ya nchi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikakubali malalamiko yao na kuitaka Tanzania irekebishe sheria zake za mirathi. Kwa hiyo mjane anayeambiwa "mila haikupi kitu" anayo haki ya kumtajia hakimu Katiba, hata kama mbele yake kuna kanuni za 1963. Tena sehemu ya mali aliyoichuma mwenyewe pamoja na mumewe aieleze mapema, kwa risiti na mashahidi, kabla haijaandikwa yote kwenye Fomu Namba 5 kama ya marehemu.

Wosia ungepunguza mengi, lakini nao hauandikwi kiholela. Kwa kanuni za kimila, mtu anayejua kusoma na kuandika anahitaji angalau mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua anahitaji wanne. Utajiri hauponyi kasoro: wosia wa mfanyabiashara Reginald Mengi, aliyefariki Mei 2019, ulikataliwa na Mahakama Kuu Dar es Salaam Mei 2021, na miongoni mwa hoja zilizojadiliwa ilikuwa kuachwa kwa watoto wake wa ndoa ya kwanza.

Na kwa mrithi anayesubiri msimamizi asiyesema chochote, hatua ya kwanza haina gharama kubwa. Aende mahakama ile ile, ataje namba ya shauri, aombe kuona kama Fomu Namba 5 na 6 zipo kwenye jalada. Kama hazipo, aandike barua kwa hakimu akiomba msimamizi aitwe kujieleza. Mahakama ina uwezo wa kutengua uteuzi uliopatikana kwa udanganyifu, au unaotumika kinyume na maslahi ya warithi, na kumteua mwingine. Asiporidhika na uamuzi, rufaa huenda Mahakama ya Wilaya, na siku alizonazo ni 30 tangu uamuzi utolewe.