Tangambili ya Kemi: kutoka Ngamiani hadi ukingo wa Aktiki

Kununua koti la baridi Ngamiani mwezi Novemba kunataka moyo. Jua la saa 7 mchana limekaa juu ya mabati, jasho linakutiririka mgongoni, na wewe umejitia ndani ya jaketi zito, umefunga zipu hadi kidevuni, unajitazama kwenye kipande cha kioo kilichofungwa kwa kamba. Wapita njia wanacheka. Muuza mitumba wangu hakucheka. Alishika mkono wa koti akaubinya kama mtu anayekagua embe.

"Dada, wenzako wananunua la kupendeza. Wewe nunua la kuziba upepo."

Makoti mazito, alinieleza, yana wateja wa aina mbili tu hapa Tanga: vijana wa bodaboda wanaolala barabarani, na watu wa Lushoto, ambao baridi ya Juni na Julai hawaifanyii mzaha. Nilipomwambia naenda Ufini, akaligeuza koti kutazama lebo iliyokwisha kufifia. "Basi unalirudisha kwao," akasema. Tukapatana shilingi 35,000, kwa sharti kwamba nikirudi nalo likiwa zima atalinunua kwa nusu bei.

Safari yangu ilikuwa ya Kemi, mji wa bandari wenye watu takriban 20,000, kwenye ncha ya juu kabisa ya Ghuba ya Bothnia. Ukitoka hapo kwenda kaskazini, hufikishi kilomita 100 kabla ya kukutana na mstari wa Aktiki. Binti wa kaka yangu anasomea uuguzi huko. Alinisihi, "Shangazi, njoo Februari." Lakini likizo yangu ilikuwa Novemba, na nauli ya Novemba ndiyo iliyolingana na mfuko wangu. Nikaenda Novemba.

Kemi si mji wa kubahatisha kwa mtu wa Tanga. Jiji letu na mji huo viliunganishwa katika mpango wa ushirikiano wa serikali za mitaa za Kaskazini na Kusini, uliogharamiwa na serikali ya Ufini. Na udugu wenyewe umetangulia mpango. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa misitu kutoka Ufini walifanya kazi Usambara Mashariki, kazi iliyosaidia kuzaliwa kwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997. Mto Sigi unashuka kutoka milima hiyo, unajaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo inayotunywesha. Anayefungua bomba Ngamiani ana deni dogo kwa watu wa theluji.

Wala mimi si Mswahili wa kwanza kwenda kuitafuta baridi hiyo. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mzaliwa wa Ngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia. Masimulizi yake yamo katika kitabu cha safari za Waswahili alichokichapisha Carl Velten mwaka 1901. Salim alikwenda akifuata amri ya bwana wake. Mimi nilikwenda na tiketi yangu mwenyewe, nikidhani kwamba aliyelipa tiketi ndiye anayepanga.

Kemi ilinitoa ujinga huo asubuhi ya kwanza.

Picha zilizonipeleka ni zile wanazoziona wote: kasri la theluji linalojengwa upya pale Kemi karibu kila majira ya baridi tangu 1996, meli Sampo, iliyoundwa Helsinki mwaka 1960 kwa kazi ya kuvunja barafu, na tangu 1988 inachukua watalii, na mwanga wa kaskazini ukicheza angani. Niliposhuka kutoka treni ya usiku nilipokewa na manyunyu. Si theluji, si mvua, ni kitu katikati, kinachoanguka kikiwa cheupe na kugeuka tope kabla hujamaliza kukitazama. Mahali pa kasri palikuwa uwanja mtupu ukingoni mwa bahari. Sampo ilikuwa imefungwa bandarini, maana haiwezi kuvunja barafu ambayo haijaganda.

"Nilikwambia Februari," binti yetu alisema, akinipa viatu vyake.

Siku ya pili baridi ilishuka hadi nyuzi 9 chini ya sifuri, barabara ikang'aa kama sahani. Siku ya tatu joto likapanda juu ya sifuri, kila kitu kikayeyuka. Siku ya nne theluji ilianguka usiku kucha, na asubuhi mji ulikuwa umevaa kanzu. Jioni yake upepo ukageuka na kanzu ikavuka.

Nikiwa dirishani siku hiyo, na kikombe cha chai mkononi, ndipo nilipolikumbuka neno la kwetu. Watu wa pwani, kipindi ambacho kusi limechoka na kaskazi halijashika, tunakiita maleleji. Wengine wanasema tangambili, kwa kuwa upepo huja huku na huku na tanga halijui lielekee wapi. Kwetu kipindi hicho huja mara mbili kwa mwaka, na mara moja ni mwezi huu huu wa Novemba. Nahodha mwenye akili hampi abiria wa Pemba saa ya kuondoka wakati wa maleleji. Humwambia, "Njoo asubuhi tuangalie."

Wafini nao wana neno lao, *kelirikko*. Ni kipindi ambacho njia imeharibika: barafu imekuwa nene kiasi cha kuizuia mashua, lakini ni nyembamba, haimbebi mtu. Kisiwa cha Hailuoto, kusini mwa Kemi, kwa miaka mingi kilizoea kufungua njia ya magari juu ya bahari iliyoganda. Njia hiyo ilifunguliwa barafu ikishapimwa na kutosha, na iko miaka haikufunguliwa kabisa. Nikaona kumbe tunaishi maisha mamoja. Mtu wa Hailuoto anayengoja barafu na mtu wa Tanga anayengoja kaskazi wanakaa kwenye baraza moja.

Tangu hapo nikaanza kuisoma hali ya hewa ya Kemi kwa Kiswahili, na mambo yakaninyookea. Upepo ukitoka kusini, hubeba joto na unyevu wa bahari, mawingu hufunga, barafu changa hupasuka. Ukitoka kaskazini, huja baridi kavu na anga hufunguka. Kila nilipoamka niliuliza swali moja tu: leo ni kusi au kaskazi?

Binti yetu alinishusha hadi ukingoni mwa maji siku moja ya kaskazi. Bahari ilikuwa inaanza kuganda, na sikujua kwamba bahari huganda kwa hatua. Kwanza uso wake hupoteza mng'aro, unakuwa kama mafuta yaliyotulia. Kisha unakuja utandu, ule ule wa uji uliopoa, unaopanda na kushuka na wimbi bila kupasuka. Kisha utandu unakatika vipande vya duara, vinagongana kingo, kingo zinainuka, na bahari nzima inaonekana kama mtu amemimina chapati za maji juu yake. Sauti yake ni ndogo, kama chumvi ya mawe inayosuguana ndani ya gunia.

Nikachovya kidole nikaonja. Sikuhisi ile chumvi ya bahari ya kwetu Raskazone inayokukausha midomo. Maji ya bahari kuu yana chumvi karibu gramu 35 kwa lita, ya Kemi karibu gramu 3. Mito mikubwa inamwaga maji baridi pale, ukiwemo Kemijoki, wenye urefu wa kilomita 550, mrefu kuliko yote nchini Ufini. Ndiyo sababu bahari hiyo huganda upesi baridi ikishapita sifuri kidogo tu. Lakini barafu changa haina mwenyewe. Usiku ule ule upepo wa kusini uliivunja na kuisukuma yote, kesho yake tukakuta maji meusi yanapiga mawe.

Jambo la pili lililonishinda ni jua. Saa ya Kiswahili imefungwa kwenye jua: likichomoza tunaanza kuhesabu. Kemi, karibu na tarehe 20 Novemba, jua lilichomoza saa 3 na dakika ishirini na kitu asubuhi, likazama kabla ya saa 9 alasiri. Saa zao za majira ya baridi ziko nyuma ya zetu kwa saa 1 tu, kwa hiyo nilipopiga simu nyumbani saa 9 na robo, Ngamiani ilikuwa saa 10 na robo. Nilisikia kengele za baisikeli na watu wanalalamikia joto. Nilikokuwa mimi taa za barabarani zilikuwa zimeshawashwa.

Adhuhuri ilinikuta saa 6 na dakika chache, kama nyumbani. Nikaketi kuvuta uradi nikijua alasiri iko mbali. Haikuwa mbali. Jua la Novemba huko halipandi, linatambaa juu ya paa za nyumba, na kivuli cha mtu mchana wa saa 6 ni karibu mara 12 ya kimo chake. Kikirefuka kidogo tu, alasiri imeingia. Kati ya sala hizo mbili hazikupita dakika 45. Binti yetu alicheka aliponiona natazama simu mara mbili. "Hapa, Shangazi, ukienda sokoni umepitwa." Mwishoni mwa Desemba mchana mzima wa Kemi ni saa 3 tu.

Mwanga wa kaskazini nao una adabu zake. Huzaliwa chembe za jua zinapogonga hewa ya juu, kiasi cha kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini, na rangi ya kijani hutoka kwa oksijeni. Kwa Kifini huitwa *revontulet*, mioto ya mbweha. Jua linaweza kufanya kazi yake yote huko juu, na wingu moja la Novemba likakuzibia. Nililipia matembezi ya usiku kwa kampuni moja ya watalii. Mawingu yakafunga, tukazungushwa kwenye basi dogo saa 4 nzima, fedha haikurudi, na masharti yalikuwa yameandikwa kwa herufi za sisimizi. Nikauona bure usiku wa tano, nilipotoka kutupa takataka. Kaskazi lilikuwa limefagia anga. Ulianza kama moshi, nikadhani ni mvuke wa kiwanda kikubwa cha massa ya mbao kilichofunguliwa pale mwaka 2023. Kisha moshi ukawa kijani, ukajikunja kama kanga iliyoanikwa. Nilisimama na mfuko wa takataka mkononi mpaka vidole vikafa ganzi.

Wenyeji wenyewe wanasema majira haya yanazidi kuwa ya kigeugeu, na sayansi iko upande wao. Watafiti wa Taasisi ya Hali ya Hewa ya Ufini walionyesha mwaka 2022 kwamba tangu 1979 Aktiki imepata joto karibu mara 4 ya kasi ya dunia kwa jumla. Sisi tunaongoja vuli kila Oktoba, mara ije mafuriko, mara ipite na vumbi lake, hatuna haja ya kuelezwa sana.

Kwa hiyo, msomaji, ukipata fursa ya kwenda huko mwanzoni mwa baridi, usiogope, ila nenda kama msafiri wa maleleji. Chukua siku za akiba; siku 3 ni kamari, siku 7 ni safari. Usilipie kitu kisichofutika kabla ya kuiona anga. Kama shida yako ni Sampo na kasri, ngoja Januari hadi Machi, kisha uthibitishe tarehe. Bima ya matibabu ya viza ya Schengen isipungue euro 30,000, nayo usiione ni hasara, kwa maana barabara iliyoyeyuka na kuganda tena haina huruma na nyonga. Nunua vyuma vya kuvalisha chini ya viatu. Mwilini anza na sufu. Pamba ikishika jasho inakugeuka.

Na chukua kiakisi mwanga. Ni kipande cha plastiki kidogo kuliko kiganja, kinaning'inia kwa uzi mfukoni mwa koti. Huko sheria inamtaka mtembea kwa miguu akivae gizani. Mara ya kwanza nilikiona kama pambo la watoto. Kisha nikamwona bibi mmoja akija upande wangu barabarani, mbali, gizani saa 9 na nusu alasiri. Yeye mwenyewe hakuonekana. Kilichoonekana ni nukta nyeupe iliyokuwa ikibembea kwenye goti lake kila taa ya gari ilipoigusa.

Nilirudi Tanga Desemba, kaskazi limeanza kujisikia. Nikalifua koti, nikalipeleka Ngamiani kwa mwenyewe. Alilikagua mishono, akaingiza mkono kila mfuko kama desturi ya muuza mitumba, akakitoa kile kiakisi nilichokisahau.

"Hiki nini, dada?"

Nikamweleza. Akakielekeza juani, kikamrudishia mwanga usoni, akafumba jicho moja. Akanihesabia 17,500 zangu. Koti akalitundika mbele, pale wanapopita watu wa bodaboda. Kiakisi hakukirudisha mfukoni. Nilimwacha ameinama, anakifunga nyuma ya baisikeli yake.