Kanuni za mikataba: funzo kutoka Unyanyembe

Katika baadhi ya michezo ya mkakati wa kihistoria, mkataba huwekwa leo na kuvunjwa kesho bila hasara. Historia ya njia ya misafara ya Tabora inatoa kanuni bora zaidi.

Kwanza ni hongo: msafara ulilipa, mtemi (mtawala wa eneo) akauruhusu upite. Lakini kodi huweza kuzaa uadui. Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe katika eneo la Tabora, alipowatoza wafanyabiashara Waarabu, walimsaidia Mkasiwa kushika utemi huo badala yake.

Pili ni kufunga njia. Vita vya mtemi Mirambo dhidi ya Waarabu wa Tabora, vilivyoanza 1871, vilikwamisha biashara ya pembe za ndovu.

Tatu ni kuchanjiana. Mirambo na mpelelezi Henry Morton Stanley walikula kiapo cha udugu wa damu mwaka 1876. Katika mchezo, kiapo cha namna hiyo kimfunge mtawala mwenyewe. Akifa, mrithi wake apatane upya.