Utakula nini? Jioni za Nakivale na Mbarara

WAHENGA walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wetu tunaijua methali hii ya nyumbani, pale kuku anapochinjwa kwa heshima ya mgeni na watoto wa nyumba nao wakaambulia supu. Lakini anayetaka kuona maana yake ya kibiashara na aende Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Akae kwenye benchi la mama anayeuza chakula, aagize sahani, alipe taslimu. Papo hapo ataona mwenyeji anavyopona.

Naandika haya kwa ajili ya watu wa aina mbili ninaokutana nao kila nipandapo basi la kwenda upande ule. Wa kwanza ni wafanyabiashara wanaovuka Kagitumba, Kikagati au Mutukula. Wa pili ni sisi tuliokulia ukimbizini tukarudi nyumbani, ambao bado tuna safari za huko: kufuata cheti cha shule, kuzuru kaburi la bibi, kuhudhuria harusi ya jamaa aliyebaki. Wote wana desturi moja. Wanalala Mbarara, wanakula harakaharaka karibu na stendi, na alfajiri wameshaondoka. Nakivale kwao ni mahali pa huzuni, pa kwenda na kutoka. Ukiwaambia kwamba huko watu hutoka jioni kwenda kula na kustarehe, wanadhani unatania.

Mataifa katika mtaa mmoja

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, ikatambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walipokuwa wakitafuta pa kukaa. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo ina watu zaidi ya 150,000, wengi wao Wakongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Haina uzio. Ni vijiji, mashamba, barabara za vumbi na ziwa lenye jina hilohilo.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kufungua biashara na kutembea nchini. Kwa hiyo mtu aliyefika na sufuria mbili na mkono mzuri wa kupika anaweza kuanzisha hoteli yake ya chakula, na wengi wamefanya hivyo.

Kitovu cha mambo ni Base Camp. Anza asubuhi kwa Wasomali. Utaletewa chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini, na canjeero, ile chapati laini yenye vitundu vitundu, inayoliwa kwa maini au kwa sukari na mafuta. Mchana hapohapo kuna wali wa viungo na nyama ya mbuzi, na pembeni ya sahani ndizi mbivu. Usiiache ndizi hiyo ukidhani ni tunda la baadaye. Wenyewe huila pamoja na wali, kipande kwa tonge. Tambi nazo hazikosi, maana Waitaliano walitawala sehemu kubwa ya Somalia na kuziacha jikoni.

Kwa Waethiopia na Waeritrea, nenda usipokuwa na haraka. Injera huliwa kwa mkono, watu kadhaa sinia moja. Kahawa yao hukaangwa mbele yako, moshi wake ukapitishwa puani mwako kwa heshima, ikatwangwa, ikapikwa, na kumiminwa mara tatu. Anayeondoka baada ya kikombe cha kwanza huonekana hana adabu, au ana deni mahali.

Wakongo wana malewa yao: fufu, sombe iliyopikwa kwa mawese, samaki mkavu au mbichi. Warundi wana mishikaki ya mbuzi na maharage yaliyochanganywa na ndizi. Ziwa nalo hutoa ngege na kambare. Jioni muziki wa Kikongo hupanda, na mahali penye televisheni na umeme wa jua vijana hujazana kutazama mpira wa Uingereza, kila mmoja akishangilia kwa lugha yake na kutukana refa kwa Kiswahili.

Kiswahili ndicho kinachoendesha mtaa huo. Mkongo wa Kivu anakizungumza kwa namna yake, Msomali kwa namna yake, Mrundi kwa namna yake, lakini bei inaeleweka. Mfanyabiashara mwenye masikio atasikia hapo mezani habari ambazo hazipati stendi: nani anatafuta mchele, nani ana mahindi ya kuuza, barabara gani imekatika kwa mvua.

Sahani ya kuchagua

Kwa nini niisifu hoteli ya mabenchi kama vile ni ya nyota tano? Sababu ni hii.

Mtoto aliyekulia kwenye mgao hakuulizwa atakula nini. Tulikuwa na posho na maharage, kisha kesho yake maharage na posho. Shukrani zetu kwa waliotulisha ni za kweli. Pasipo wao baadhi yetu tusingekuwepo kuandika wala kusoma. Lakini chakula kilichopimwa kwa kadi, kwa idadi ya vichwa nyumbani, kina adabu yake: unapanga foleni, unatajwa jina, unapokea, unaondoka. Anayegawa anajua unachostahili. Wewe unajua kushukuru tu.

Nilipofika Mbarara kusoma sekondari, siku ya kwanza ya muhula mjomba alinipeleka kwenye kibanda kimoja. Mama mwenye kibanda akafuta meza kwa kitambaa, akanitazama usoni, akauliza, "Mwanangu, utakula nini?" Nilimtazama mjomba anijibie. Mjomba akasema, "Ameuliza wewe." Nikaagiza matoke na mchuzi wa karanga, kwa sababu ndicho alichokuwa akila mtu wa meza ya jirani.

Nimekuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka 20 na nimesikia mihadhara mingi kuhusu utu na kujitegemea. Sijasikia uliofafanua jambo hilo kuliko swali la mama yule. Mtu anayeulizwa atakula nini ni mteja. Anaweza kusema chumvi imezidi. Anaweza kesho kwenda kwa jirani. Na anayeuliza swali hilo naye si mpokeaji tena. Ni mtu mwenye kazi, anayenunua kuni, anayemlipa msichana wa kuosha vyombo.

Jambo hili limepimwa pia na wasomi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, katika ripoti yao ya mwaka 2014 kuhusu uchumi wa wakimbizi Uganda, ambayo Nakivale ilikuwa miongoni mwa maeneo yake, waligundua kwamba jijini Kampala asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja mwingine, na asilimia 40 ya walioajiriwa walikuwa raia wa Uganda. Yaani mgeni alikuwa akimlipa mwenyeji mshahara.

Daftari la deni

Hata hivyo, meza hizo sasa zinatikisika. Mwezi Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, lilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda hadi asilimia 70, na Februari 2021 hadi asilimia 60. Kuanzia Julai 2023 wakimbizi waligawanywa makundi: walio hoi zaidi wakabaki na asilimia 60, wanaofuata asilimia 30, na wanaohesabiwa kuwa wanajimudu wakaondolewa kabisa. Mei 2025 shirika hilo lilitangaza kwamba watu wapatao milioni moja nchini humo wamekatiwa msaada wa chakula.

Mtu wa mbali anaweza kudhani kwamba mwenye hoteli hahusiki, kwa kuwa yeye anauza na hagawiwi. Sivyo. Pesa za mgao ndizo zilizokuwa zikizunguka: mama akizipokea ananunua unga, muuza unga anakunywa chai, muuza chai ananunua maziwa. Zikikatika, wa kwanza kuhisi ni yule mwenye sufuria. Wateja hawatoweki siku hiyohiyo, kwanza wanakopa. Kila hoteli ndogo ina daftari lenye majina na tarakimu, na mwenye hoteli ana kazi ngumu kuliko kupika: kuamua leo amwandike nani na amkatalie nani. Akiwakatalia wote atakosa utu na majirani. Akiwaandika wote atafunga baada ya mwezi.

Ndiyo maana nasema sahani moja ya msafiri anayelipa taslimu si kitu kidogo. Huenda ndiyo inayonunua mafuta ya kupikia ya kesho. Na haina foleni, haina kadi, haina picha ya kupiga na mfadhili.

Usiku wa Mbarara

Mbarara iko takriban kilomita 60 kutoka Nakivale. Ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 1, 2020, na tangu hapo imezidi kujengeka. Ni jiji la wanafunzi, kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, na ni jiji la ng'ombe. Wenye mifugo ya pembe ndefu huja kuuza na kununua, na mwenye fedha ya ng'ombe mfukoni hali kinyonge.

Usiku unaanzia kwenye moshi. Fuata harufu ya muchomo, nyama ya mbuzi au ng'ombe inayochomwa kando ya barabara na kuliwa na gonja, kachumbari na chumvi. Mwenye bajeti ndogo apate roleksi, chapati iliyoviringishiwa mayai, nyanya na kitunguu, chakula kilichosomesha wanafunzi wengi wa Uganda. Asiyekunywa pombe asijione mpweke: kuna wauza maziwa ambao watu hukaa kwao jioni kama wengine wanavyokaa baa, wakinywa maziwa ya moto au yale ya mgando yaitwayo bongo. Mnyarwanda aliyezoea kivuguto atajisikia nyumbani.

Ukitaka chakula cha heshima cha Wanyankole, ulizia eshabwe. Huo ni mchuzi mweupe wa samli iliyopigwa kwa maji na chumvi ya mwamba hadi ikalainika, unaoliwa baridi na karo, ugali wa ulezi. Zamani hukuupata ila harusini. Siku hizi unaagizwa hata katika Kituo cha Utamaduni cha Igongo, Biharwe, kwenye barabara ya kwenda Masaka, ambapo pia kuna makumbusho. Mpeleke mtoto wako huko kabla ya kumpeleka kwenye baa.

Baa nazo zipo, na ziliteseka. Zilifungwa kwa ajili ya korona Machi 2020 zikaruhusiwa tena Januari 2022, karibu miaka miwili. Wafanyabiashara wa Kagitumba na Gatuna wanaukumbuka muda huo vizuri, kwani mpaka wa Rwanda na Uganda nao ulikuwa umefungwa tangu Februari 2019. Gatuna ilifunguliwa tena Januari 31, 2022. Meza iliyokaa bila mteja na mpaka uliokaa bila mzigo ni ndugu.

Na mbwa je?

Watoto wetu waliosoma ughaibuni hutuuliza kama huku kuna mikahawa inayopokea mbwa, kama waliyoiona Ulaya, mbwa akiwekewa bakuli la maji chini ya meza. Jibu ni kwamba mbwa wa Mbarara hakaribishwi, anavumiliwa. Utamkuta amelala hatua tatu kutoka kwenye jiko la muchomo, jicho moja limefumba, la pili liko kwenye mfupa wako. Ndiye mteja pekee asiyelipa na asiyekopa. Kwa Wasomali wa Nakivale usije naye kabisa. Mate ya mbwa kwao ni najisi. Mfupa umtupie ukimaliza, mbali na wanaokula. Na akikuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kabla hujaondoka

Anayetoka Rwanda au mashariki ya Kongo akumbuke kusogeza saa mbele kwa saa moja. Wengi wameachwa na basi la Mbarara kwa sababu hiyo. Beba kitambulisho. Nakivale inasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, hivyo anayekwenda kwa utafiti au shughuli rasmi aombe ruhusa kwanza. Usimpige mtu picha akiwa anakula. Mbarara anza kwa "Agandi", ushukuru kwa "Webare". Nakivale Kiswahili kitakutosha. Uliza bei kabla ya kukaa, na usiombe kupunguziwa sahani ya mama aliye na daftari la deni mezani.

Ukipata nafasi, panga safari yako ili mlo mmoja uwe Nakivale na usiku uwe Mbarara. Kwa mfanyabiashara ni njia ya kujua soko. Kwa sisi tuliorudi, ni nafasi ya kukaa mahali tulipopangishwa foleni, tukaagiza tunachotaka, na kumlipa mtu ambaye naye siku moja atarudi kwao.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu nchini Rwanda. Alizaliwa na kusoma ukimbizini Uganda kabla ya kurejea nyumbani.