Kuanza Kutunga Programu za Wavuti

Kompyuta haifanyi kazi yoyote ila kwa kufuata maagizo. Maagizo yaliyopangwa kwa utaratibu ili kutimiza kazi fulani huitwa programu, na mtu ayapangaye huitwa mtunzi wa programu. Ziko programu zinazokaa katika kompyuta moja lakini hutumiwa na watu walio mbali, kwa njia ya intaneti. Hizo ndizo programu za wavuti.

Tuseme chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kinataka kila mwanachama aweze kujua, akiwa nyumbani kwake, amepeleka kilo ngapi na anadai fedha kiasi gani. Mwanachama anaandika namba yake katika simu. Namba hiyo husafiri hadi kwenye kompyuta inayotunza orodha, iitwayo seva. Seva huitafuta namba katika orodha, huzidisha kilo kwa bei, kisha hutuma jibu likiwa katika ukurasa. Kazi yote huchukua sekunde chache. Lakini ni nani atakayeyaandika maagizo hayo, naye ataanzia wapi?

Kurasa za kwanza

Wavuti ilibuniwa katika CERN, kituo cha utafiti wa chembe ndogo za maada kilicho karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Mwaka 1989 Mwingereza mmoja aliyefanya kazi hapo, Tim Berners-Lee, alitoa pendekezo la kuunganisha habari zilizotawanyika katika kompyuta mbalimbali. Kufikia mwisho wa mwaka 1990 seva ya kwanza ilikuwa ikifanya kazi. Juu yake palibandikwa karatasi yenye onyo la wino mwekundu kwamba mtu asiizime. Onyo hilo lilikuwa na sababu: mwanzoni, kuizima seva hiyo kulikuwa ni kuizima wavuti yote ya dunia.

Berners-Lee aliamua kwamba ukurasa wa wavuti uwe maandishi ya kawaida tu, yaliyotiwa alama. Tazama mfano huu:

<h1>Kahawa</h1>
<p>Kahawa huchumwa ikiwa nyekundu.</p>

Alama ya h1 huonyesha kichwa cha habari, na alama ya p huonyesha aya. Alama yenye mstari wa mshazari huonyesha mwisho. Programu iitwayo kivinjari huzisoma alama hizo na kuupanga ukurasa machoni petu bila kutuonyesha alama zenyewe. Hata hivyo, msomaji aweza kukiamuru kivinjari kimwonyeshe maandishi pamoja na alama zake. Watu wengi walijifunza kwa njia hiyo, kama mtoto ajifunzavyo kusuka mkeka kwa kuvitazama vidole vya bibi yake.

Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba programu zake za wavuti ni mali ya umma, na kila mtu aweza kuzitumia bila malipo. Lau kama ada ingalitozwa, mwanafunzi asiye na fedha angalikwama mlangoni kabla ya kuandika alama yake ya kwanza.

Ukurasa unaojibu

Ukurasa uliokwisha andikwa hauwezi kuzidisha kilo kwa bei. Kwa hiyo, mwaka 1993 ilipatikana njia ya kuiwezesha seva kuendesha programu na kutuma matokeo yake. Njia hiyo ilikuwa na taabu, kwani mtunzi alilazimika kuufanya ukurasa wote, pamoja na alama zake, kuwa sehemu ya programu.

Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alijitengenezea vifaa vya kuutunzia ukurasa wake mwenyewe. Mwaka 1995 alivitoa kwa watu wote, navyo vikaendelezwa hadi kuwa lugha ya PHP. Kwa PHP, mtunzi huandika ukurasa kama kawaida, kisha huchomeka maagizo pale tu panapohitaji hesabu. Aliyejua kuandika ukurasa alibakiwa na hatua fupi tu.

Mwaka 2004 Mdenmaki David Heinemeier Hansson alitoa kiunzi kiitwacho Ruby on Rails. Alikuwa ameona kwamba kila programu ya wavuti hurudia kazi zile zile: kupokea fomu, kuandika katika orodha na kusoma kutoka humo. Alizitenga kazi hizo ili mtunzi asizianze upya. Mkulima naye hafui jembe lake mwenyewe kila msimu.

Urahisi wenye hatari

Si kila urahisi una faida. Katika programu, kila jambo la kukumbukwa huwekwa mahali penye jina. Hebu tupafikirie kama kisanduku chenye kibandiko. Katika PHP ya zamani, chochote alichotuma msomaji kiliingia chenyewe katika kisanduku chenye jina lile lile. Mtunzi hakuhitaji kuandika agizo lolote la kukipokea.

Sasa fikiri kwamba programu ya ushirika ina kisanduku kiitwacho "karani". Humo huwekwa neno "ndiyo" baada ya karani kutaja neno lake la siri. Mtu mjanja angeweza kutuma jina "karani" pamoja na neno "ndiyo". Kama mtunzi alisahau kukisafisha kisanduku hicho mwanzoni, seva ingemtii mjanja huyo kama karani halisi, naye angeweza kuhamisha kilo za jirani yake ziwe zake.

Mwaka 2002, katika toleo la 4.2.0, njia hiyo ilifungwa isipokuwa mwenye seva aifungue mwenyewe. Mwaka 2012, katika toleo la 5.4, iliondolewa kabisa. Programu za zamani zilizoitegemea hazikuwa na budi kurekebishwa.

Kazi ya kufanya

Fanyeni kazi hii kwa vikundi vya watu watatu. Mmoja awe mtunzi, mwingine seva, na wa tatu mwanachama. Mtunzi aandike katika karatasi maagizo ya kumjibu mwanachama, pamoja na orodha ya namba tano na kilo zake. Seva afuate yaliyoandikwa tu, wala asitumie akili yake. Mwanachama atoe kwanza namba iliyomo katika orodha, kisha isiyokuwamo, kisha jina badala ya namba. Andikeni seva alifanya nini kila mara. Yarekebisheni maagizo, mkajaribu tena.